Dakika Kumi za Shemeji

Safari hii nimesimuliwa mara mbili, zote kwa simu. Kwanza na dada yangu, kisha na mume wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili maelezo yao yalilingana. Mimi ni mwalimu wa hesabu, najua majibu mawili yakilingana maana yake nini. Maana yake ni kweli, au watu wameangaliziana. Hawa hawakuangaliziana. Walikuwa bado wanatetemeka.

Dada yangu ni fundi wa kushona. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia iliyochanikachanika pembeni, sare za shule zimening'inia ukutani, na mabaki ya vitambaa yanayokufuata hadi barabarani yakiwa yamenasa kwenye soksi. Ana mkono wa dhahabu, ila hana saa kichwani. Akishika pindo, dunia imesimama. Chungu kitaungua, mteja atagonga mlango mpaka vidole vimuume, yeye anamalizia pindo.

Na mtu kama huyo akaolewa na fundi saa. Shemeji yangu ni mpole, sauti yake ya chini, na anaweza kukaa siku nzima na kioo kwenye jicho moja akihamisha vigurudumu ambavyo mimi nikipiga chafya havionekani tena. Watu wote humwita Fundi, hata mkewe. Ukimuuliza jambo atakujibu kwa adabu zote, lakini hakuna siku aliyokaa na mtu akamwambia, "Nafikiria kufanya kitu fulani." Akikata shauri, wewe utaliona limeshafanyika.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Dada alichelewa arusi ya wifi yake kwa saa nzima, na gauni la bibi arusi alikuwa nalo yeye. Wifi mtu hajasahau mpaka leo, na simlaumu. Shemeji hakugomba. Alirudi nyumbani, akapanda kiti, akaipeleka saa ya sebuleni mbele dakika kumi. Hakumwambia mtu. Dada aligundua ndani ya wiki moja, kwa sababu taarifa ya habari ya redioni haikuwa ikianza kwa wakati wa ukutani. Naye hakumwambia mtu, isipokuwa mimi. Alianza kutoa kumi kichwani. Akiona saa mbili na dakika kumi, anajua ni saa mbili. Mume akafurahi kwamba hila yake inafanya kazi, mke akaendelea kuchelewa kama kawaida, na saa ikabaki ukutani ikidanganya watu wawili ambao hakuna aliyedanganyika.

Mimi nilicheka nilipoambiwa. Dada hakucheka.

"Ananilea," alisema. "Nikifunga mlango, anaenda kuujaribu. Nikipika, anafunua chungu. Akinipa kazi, lazima achungulie. Nina miaka arobaini na sita, mdogo wangu, na kuna mtu ananilea kama mtoto wa chekechea."

Boti aliijenga Shemeji mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa miaka tisa. Boti ndogo ya tanga moja, hatua tisa kutoka mbele hadi nyuma, na chumba cha ndani ambacho ukinyoosha mikono unashika kuta zote mbili. Ilipokwisha akatangaza, yaani jambo likiwa limeshaamuliwa, kwamba watasafiri siku nne wakifuata pwani, mchana wakienda na usiku wakitia nanga, mpaka mji anakoishi binti yao.

Siku moja kabla ya kuondoka, Dada alikuja kwangu. Alikaa jikoni, akaniambia bila hata kuvua viatu: "Nikifika kwa binti yangu, nabaki. Sirudi naye."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Halafu akaongeza sharti, maana Dada hata akivunja ndoa lazima aache upindo wa kufumulia.

"Akiniachia kitu kimoja, kimoja tu, nikakifanya toka mwanzo mpaka mwisho bila yeye kuchungulia, nitarudi naye. Ana siku nne. Akishindwa siku nne nzima, basi tena."

"Umemwambia?"

"Nimwambie ili ajilazimishe? Hapana. Na wewe usimwambie."

Sikumwambia.

Asubuhi ya safari, Shemeji aliitungua saa ya sebuleni akaenda kuitundika ndani ya boti, juu ya mlango wa kile chumba, ili mwenye usukani aione. Na kabla ya kuitundika, aliirudisha nyuma dakika kumi. Baharini, aliniambia baadaye, saa ni nusu ya ramani, hawezi kwenda na saa ya uongo. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mkewe.

"Ningemwambia nimeirudisha," akasema, "ningelazimika kumwambia kwamba niliipeleka mbele."

Basi ndivyo walivyong'oa nanga: saa ya kweli ukutani, mke anayeitoa kumi, na mume asiyejua kwamba inatolewa.

Siku ya kwanza mashine ndogo ya nyuma ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na Shemeji, anayeweza kufufua saa iliyolala miaka thelathini, aliifungua akaitazama, akaifunga. Wakabaki na tanga. Yeye alishika usukani toka asubuhi hadi walipotia nanga, na Dada akawa mtu wa kuambiwa vuta hii, legeza ile.

Siku ya pili simu ya Shemeji, yenye ramani, iliponyoka mfukoni mwake akiosha sahani, ikaingia kwenye ndoo. Ya Dada ni ile ya kupiga na kupokea tu, na saa yake haijawahi kuwekwa sawa. Sasa walikuwa na dira, ramani ya karatasi, na saa. Alasiri Dada akaomba usukani. Alipewa. Lakini mkono wa Shemeji ulibaki hewani, vidole vitatu tu kutoka kwenye wake, ukimfuata kila alipousogeza. Dada aliutazama ule mkono, halafu akamrudishia usukani wake. Kichwani alikuwa akihesabu: siku mbili zimekwisha.

Siku ya tatu upepo ulikaza. Kamba ya tanga ilimchomoka Shemeji, akaikamata badala ya kuiacha, ikapita viganjani ikaondoka na ngozi yote. Dada alimfunga mikono kwa vitambaa vya bitana, maana fundi wa kushona hasafiri bila vitambaa. Alipomaliza kufunga fundo la mwisho, akasema:

"Kesho usukani nashika mimi."

"Utashika."

"Mpaka tufike. Bila kuchungulia."

Shemeji aliitazama ile mikono yake miwili iliyofungwa kama ya mtoto mchanga. "Bila kuchungulia," akasema. "Naapa. Hutaniona."

Dada aliniambia kwamba alilala vizuri kwa mara ya kwanza toka waondoke. Alitaka ashinde, mume wake. Hilo nataka lieleweke. Hakuwa akimtegea mtego.

Mji wa binti yao umejificha nyuma ya mwamba mrefu unaokwenda sambamba na pwani, na mwamba una mlango mmoja, mpana kama uwanja wa mpira. Ukitoka kwenye boya jekundu unaenda moja kwa moja na mwamba uko kulia kwako, kisha unageuka kulia unaingia. Ukiupita mlango, mwamba unapinda na kuja nje, mbele yako. Kukiwa na jua unaona nguzo mbili nyeupe nchi kavu, ukiziona zimesimama moja nyuma ya nyingine unajua umefika mlangoni. Asubuhi ile hakukuwa na jua.

Saa tatu na robo wakalipita boya. Shemeji alitazama saa yake ya mkononi, ambayo haijawahi kudanganya hata sekunde, akatazama maji yanavyopita ubavuni, akapiga hesabu.

"Kwa mwendo huu, saa nne kamili geuza kulia. Mlango utakuwa hapo. Usipitilize, mama."

"Saa nne kamili," Dada akasema.

Akaingia ndani, akajilaza, akageukia ukuta.

Mvua ilikuja saa tatu na dakika arobaini. Nchi kavu ikafutika, kisha mawimbi ya mbali, kisha hata ncha ya boti ikawa kivuli. Dada alibaki na dira magotini, usukani kwapani, na ile saa juu ya mlango. Upepo uliwajia kutoka kushoto na kuwasukuma vizuri, na boti ilikuwa ikikimbia. Aliniambia aliogopa mpaka meno yakawa yanagongana, na papo hapo alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu aolewe. Hakuna mkono uliokuwa ukielea karibu na wake. Alikuwa na kazi yake, na alikuwa akiifanya.

Saa ya ukutani ikafika saa nne kamili. Dada akaitazama, akatoa kumi. Hesabu ya Fundi imetoka kwenye saa ya mkononi, akawaza, na ya mkononi ndiyo ya kweli. Kwa hiyo hii ikisoma saa nne na dakika kumi, ndipo nigeuze. Hoja yake haikuwa na kosa hata moja. Ningempa alama zote.

Ndani, Shemeji alikuwa ameiweka saa ya mkononi karibu na pua. Saa nne kamili. Alisubiri boti ilale upande. Haikulala. Dakika moja. Labda upepo umepungua, amekadiria upya. Dakika ya pili. Labda ameziona nguzo. Yeye ndiye mwenye macho huko nje. Dakika ya tatu alikaa kitandani. Ya nne akasimama, akaukaribia mlango, akakumbuka kiapo, akarudi kukaa. Ya tano aliuma kitambaa cha mkono wake. Mtu mzima, fundi anayeheshimika, amekaa gizani anauma bitana ili asimwite mkewe.

"Nilijua nikitoka nimemvunjia," aliniambia. "Nilijua hataniomba tena maisha yake yote."

Dakika kumi kwa mwendo ule ni kilomita moja na nusu. Nilikokotoa mwenyewe baadaye, na ningetamani nisingejua kukokotoa.

Dakika ya saba ngurumo ya mawimbi mwambani ikaanza kupita kwenye mbao za sakafu. Dada aliisikia pia, lakini yeye alitarajia kuisikia. Mwamba si uko kulia? Ya nane ngurumo haikuwa tena kulia. Mlango wa chumba ukafunguka kwa kishindo.

"Geuza!"

"Umeapa!"

"Geuza, tumepita! Geuza kushoto, nje!"

"Bado dakika mbili!"

"Mbili za nini?"

"Saa yako iko mbele dakika kumi, Fundi! Miaka yote iko mbele!"

"Haiko mbele! Nimeirudisha! Niliirudisha siku ile tunaondoka!"

Walitazamana. Dada anasema ilikuwa kufumba na kufumbua, Shemeji anasema ilikuwa mwaka. Kisha pazia la mvua likapasuka na mbele yao kukawa na ukuta wa povu, mweupe, juu kuliko vichwa vyao. Dada akausukuma usukani kwa mwili mzima. Boti ikalala, ikageuka, karibu ipone. Kisha nyuma kukalia sauti ya kitu kinachovunjika na usukani ukawa mwepesi mkononi mwake, mwepesi kabisa. Ubao wake ulikuwa umebaki chini kwenye mwamba.

Nanga aliitupa Dada. Kwa mikono ile, mwenzake asingeweza. Kamba ilikwenda, ikakaza, boti ikashtuka na kusimama, na nyuma yao mawimbi yalikuwa yanapasuka hatua thelathini, wakati mwingine ishirini na tano. Kila wimbi likija, nanga iliteleza kidogo. Waliisikia ikiteleza, inakwaruza chini kama kijiko kwenye sufuria.

Hapo ndipo watu wengine wangeomba dua au kugombana. Dada aliuliza swali.

"Uliirudisha. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulijua iko mbele. Kwa nini hukuniambia?"

Nanga ikateleza tena.

"Kasia," Shemeji akasema. "Tulifunge nyuma liwe usukani. Upepo uko ubavuni, kurudi tutarudi kwa njia ileile. Dakika nane tumezidi. Kwa kasia na tanga lililokunjwa nusu, nakadiria kumi na mbili."

"Kwa saa ipi?"

"Ipi unayotaka. Zote zinasema kitu kimoja."

Walifunga kasia kwa kamba na mabaki ya bitana. Kuivuta nanga hakukuwezekana, kwa hiyo Dada alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule ambao mtoto akikatia karatasi anachapwa, akaikata kamba. Boti ikaanza kurudi nyuma, kuelekea kwenye povu, hatua tano, hatua kumi. Kisha tanga likashika upepo na wakaanza kwenda. Dada alilikumbatia kasia kwa mikono miwili na kidevu. Shemeji alikaa mbele yake, na akafanya jambo ambalo nadhani lilimgharimu kuliko ngozi ya viganja vyake. Alimpa mgongo. Alitazama saa tu, na kuita.

"Moja." Na baadaye, "Mbili."

Hakugeuka. Wimbi lilipowapiga ubavuni na Dada akapiga yowe, hakugeuka. Ya nane kasia lilitaka kuchomoka, Dada akalitukana kwa maneno ambayo mama yetu asingeyapenda, na yule mwanamume akaendelea kuita, "Tisa," shingo imekakamaa. Ya kumi na moja mvua ikapungua. Kushoto kwao, mbali, kijiti cheupe kikatokea, kisha cha pili pembeni yake, vikasogeleana.

"Naziona nguzo," Dada akasema.

"Basi amua wewe," Shemeji akasema. Bado alikuwa amempa mgongo.

Dada alingoja mpaka moja ikajificha nyuma ya nyingine, ndipo akageuza. Wakaingia. Nyuma ya mwamba maji yalikuwa yametulia kabisa, na mtu mmoja gatini alikuwa akianika nyavu, akawapungia mkono kama watu waliotoka matembezini.

Dada alinipigia akiwa bado ndani ya boti, imefungwa gatini. Alinieleza yote niliyowaeleza. Halafu akasema, "Nimemwambia. Kwamba nilikuwa sirudi."

"Amesemaje?"

"Ameniuliza ningemwambia lini." Nilimsikia anavuta makamasi. "Miaka yote namlaumu kwa dakika kumi, mdogo wangu, na mimi nimepanda boti nimemficha maisha yote yaliyobaki. Sasa nimemwambia nataka kurudi naye, na hajasema kama yeye anataka."

"Mpe muda."

"Anataka kuongea na wewe."

Simu ikabadilisha mkono. Nilisikia maji yakigonga mbao, na Shemeji akijaribu kuishika simu kwa viganja vilivyofungwa. Alinieleza upande wake kwa sauti ileile ya chini. Alipofika mwisho akaniuliza:

"Shemeji, hili la kutorudi, wewe ulilijua?"

"Nililijua."

"Na lile la saa? Kwamba anatoa kumi?"

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba nzima ya kuwagombeza wote wawili kwa ukaidi wao.

"Tangu mwaka wa kwanza," nikasema.

"La kuondoka lilikuwa lake, halikuwa lako kusema, na sikulaumu," akasema. "Lakini la saa, shemeji. Umekula kwangu kila Jumapili. Ungeninong'oneza tu."

Walirudi baada ya wiki tano, wote wawili, kwa boti ileile yenye usukani mpya. Watu wa gatini kwetu wanasema aliyeileta mpaka ndani ni Dada, na Shemeji alikuwa amelala usingizi wa kweli. Dada amenipigia mara tatu kuniita nyumbani. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwao ni hatua mia mbili na kumi, nimezihesabu, na sijaenda bado.